Cheti cha huduma ya kwanza kazini kinathibitisha nini hasa?

Karibu kila sehemu ya kazi yenye utaratibu ina karatasi ukutani, msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani, na chini yake majina mawili matatu ya watu wa kuitwa mtu akiumia. Karatasi hiyo tunaipita kila siku bila kuisoma. Siku mtu anaanguka kwenye korido ndipo inasomwa kwa sauti, na ndipo mambo yanapojulikana: wa kwanza kwenye orodha alishaacha kazi, wa pili yuko zamu ya usiku, na wa tatu yupo, amesimama palepale, cheti chake kiko kwenye faili, lakini ameganda kama wengine wote.

Yule wa tatu nilikuwa mimi. Bahati nzuri mwenzetu alikuwa amezimia tu baada ya kusimama muda mrefu. Alizinduka mwenyewe hata kabla sijapiga magoti, akauliza mbona watu wamemzunguka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio watu wanapozungumzia mafunzo haya, na mkanganyiko ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Kuna anayeamini semina ya saa mbili inatosha. Kuna anayeamini kwamba bila kusomea uuguzi huruhusiwi hata kumgusa majeruhi. Mwingine alipata cheti kwa kubofya majibu kwenye simu na anahesabu kitamfaa mpaka astaafu. Mwingine anakataa kuteuliwa kwa kuogopa kushtakiwa. Tuyafungue mafundo haya, tukianza na maneno yenyewe.

Koki, ndoo na fundi

Huduma ya kwanza ni msaada anaopewa mtu aliyeumia au kuugua ghafla, palepale alipo, kabla hajafikiwa na mtaalamu. Neno la kushika hapo ni "kabla". Fikiria bomba limepasuka ndani ya nyumba. Huhitaji kuwa fundi bomba ili ufunge koki kubwa, uweke ndoo, uzime umeme kama maji yanaelekea kwenye soketi, kisha umpigie fundi simu. Bomba hujalitengeneza. Ila bila wewe, fundi angekuta nyumba imegeuka bwawa. Darasani malengo ya huduma ya kwanza hutajwa kuwa matatu: kuokoa uhai, kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, na kumsaidia mtu aanze kupona. Kutibu ugonjwa hakumo, na kutambua ugonjwa kwa jina lake pia hakumo.

Kisha kuna watu watatu wanaochanganywa kila siku. Wa kwanza ni mtoa huduma ya kwanza aliyehitimu, yaani mfanyakazi wa kawaida aliyefundishwa kwa vitendo, akapimwa, akapewa cheti chenye tarehe ya mwisho. Wa pili ni mtu aliyeteuliwa tu kuangalia sanduku lisiishiwe vitu na kuita gari la wagonjwa likihitajika. Huyu hatarajiwi kufunga jeraha wala kubonyeza kifua. Wa tatu ni ofisa usalama, ambaye kazi yake kubwa ni kuhakikisha ajali haitokei kabisa. Mtu mmoja anaweza kubeba majukumu yote matatu, lakini kuwa na moja hakukupi mengine. Nimekutana na maofisa usalama hodari sana wa kusoma ramani za njia za dharura ambao hawajawahi kufunga bendeji maishani mwao.

Na wale wanaodhani elimu hii ni ya madaktari ambayo watu wa kawaida wameazimwa, historia inawakatalia. Chama cha St John Ambulance kilipoanzishwa Uingereza mwaka 1877, walengwa wake wakubwa walikuwa watu wa reli, migodi na viwanda. Mwaka uliofuata daktari wa jeshi, Peter Shepherd, alikuwa akiwafundisha raia wa kawaida huko Woolwich. Sababu yake haikuhitaji falsafa. Mguu ukikwama chini ya behewa, daktari yuko mbali na mfanyakazi mwenzako yuko hatua tatu.

Nani anapanga kiwango?

Hapa ndipo watu wengi wanapotarajia jibu moja na hawalipati. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mwajiri atakiwe kuweka, pale inapohitajika, mipango ya kukabili dharura na ajali, ikiwa ni pamoja na maandalizi ya kutosha ya huduma ya kwanza. Idadi ya saa haikutajwa, wala idadi ya watu. Hayo kila nchi inajipangia.

Uingereza, kwa mfano, ina kozi mbili zinazojulikana sana: ile fupi ya dharura, saa 6 ndani ya siku moja, na ile kamili, saa 18 ambazo kwa kawaida huchukua siku 3. Vyeti vyote viwili hudumu miaka 3. Ujerumani wana kozi ya vipindi 9 vya dakika 45, na marudio kila baada ya miaka 2. Wao pia wanataja idadi: wafanyakazi waliopo wakizidi 20, ofisini na kwenye biashara wanatakiwa asilimia 5 wawe wamefundishwa, na kwenye kazi nyingine asilimia 10.

Kwa hiyo mtu akisema "nina cheti", bado hajasema kitu. Cheti cha saa ngapi? Kwa hatari zipi? Ofisi yenye kompyuta na viti si sawa na karakana yenye misumeno, na karakana si sawa na ghala la kemikali. Mwajiri anapaswa kufanya tathmini ya hatari kwanza, aone nini kinaweza kumpata nani, hospitali iko mbali kiasi gani, watu wako zamu ngapi, ndipo aamue wangapi waende kozi ipi. Mahali pengi hufanywa kinyume: kozi iliyo rahisi hununuliwa kwanza, tathmini huandikwa baadaye ili ifanane nayo.

Tena usidhani kila anayefundisha amekaguliwa na serikali. Huko huko Uingereza, tangu mwaka 2013 mamlaka ya afya na usalama kazini iliacha kuwaidhinisha wakufunzi wa kozi hizi, na jukumu la kuchuja likabaki kwa mwajiri. Anayelipia kozi ndiye anayetakiwa kuuliza mkufunzi ana sifa gani, anafuata mwongozo upi, na kila mwanafunzi atapata muda gani kwenye sanamu ya mtu inayotumika kwa mazoezi. Swali hili la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Wanafunzi 25 kwa sanamu moja ni maonyesho, si mafunzo.

Ndani ya darasa

Wengi huingia wakitarajia bendeji. Somo la kwanza huwa kusimama. Simama, tazama, uliza: kilichomwangusha huyu bado kipo? Aliyeshikwa na umeme ukimgusa kabla ya kuuzima, mnakuwa majeruhi wawili na mwokoaji hakuna. Ajali za mashimo na matangi yenye hewa mbaya zinajulikana kwa kuua watu kwa mfuatano: mmoja ameanguka, wa pili ameingia kumtoa, wa tatu ameingia kuwatoa wawili. Wote walikuwa na moyo mzuri. Ndiyo maana mkufunzi anaweza kukukata alama kabla hujamgusa majeruhi, kwa sababu tu ulikimbia.

Kisha unaangalia kama anaitikia. Mguse mabega kwa nguvu kiasi, mwite kwa sauti. Kama haitikii, rudisha kichwa chake nyuma taratibu na inua kidevu ili ulimi usizibe njia ya hewa, halafu sogeza shavu lako karibu na mdomo wake huku ukitazama kifua. Usizidishe sekunde 10. Hapa kuna mtego ambao umewagharimu watu wengi: moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kuvuta pumzi za ghafla, nzito, kama samaki aliyetolewa majini, moja sasa na nyingine baada ya muda. Anayetazama anasema, "Anapumua, msimguse." Huko si kupumua. Ukifundishwa vizuri, ukiiona hali hiyo unaihesabu kuwa moyo umesimama na unaanza kazi.

Msaada unaitwa kwa namna maalumu pia. Ukisema "jamani mtu apige simu", kila mmoja anadhani mwenzake anapiga. Unamnyooshea mmoja kidole: wewe mwenye shati la bluu, ita gari la wagonjwa, kisha rudi uniambie wamesema nini. Mwingine unamtuma kifaa cha kushtua moyo. Watu walioganda huganduka wakipewa kazi moja yenye mwisho unaoeleweka.

Halafu kifua. Hili ndilo somo linalowatoa watu jasho, na ndilo linaloonyesha kwa nini mafunzo haya hayasomwi kwenye karatasi. Nilipiga magoti mbele ya sanamu nikiwa na uhakika nalijua. Nikaweka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nikaanza. Sanamu zile zina kitu ndani kinacholia "klik" ukifika kina kinachotakiwa. Yangu ilikuwa kimya.

"Hapo unaipapasa," mkufunzi akaniambia. "Ibonyeze."

Kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Sentimita 5 zinasikika chache mpaka uzijaribu. Kwa mikono peke yake huwezi. Lazima viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya viganja, na uzito wa mwili ndio ubonyeze. Nilipozisikia klik zangu za kwanza, mkufunzi akaja na kosa la pili: nilikuwa siachii. Moyo katika hali hiyo ni kama sifongo ndani ya ndoo ya maji. Ukiibana inatoa, ukiiachia inajaa, na ukiibana ukabaki umeiegemea haijai, hivyo mbano unaofuata hautoi kitu. Baada ya mibonyezo 30 unampulizia mdomoni pumzi 2, kisha unarudi kifuani. Baada ya dakika 2 mnabadilishana kama mko wawili, kwa sababu mtu huchoka kabla hajajijua kuwa amechoka, na mibonyezo yake inakuwa mifupi huku yeye akiona bado anafanya vizuri. Asiyefundishwa pumzi, au asiyeweza kuzitoa, abonyeze tu bila kukoma.

Sanamu yenyewe ina hadithi yake. Iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtengenezaji wa midoli wa Norway, na uso wake ulitokana na sura ya msichana asiyejulikana ambaye inasemekana alizama kwenye mto Seine, Paris. Mwaka huohuo 1960 ndipo watafiti wa Johns Hopkins nchini Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walipochapisha matokeo yao kuhusu kubonyeza kifua kutoka nje bila kukipasua. Jambo ambalo leo hufundishwa kwa mtunza stoo kabla ya chakula cha mchana lilikuwa habari mpya kwa madaktari wakati huo.

Kubonyeza kifua kunafanya nini hasa? Watu husema "kuamsha moyo", na wakiona dakika tano zimepita bila moyo kuamka wanaacha. Kazi yake ni kuzungusha damu kwa mkono. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika, na gari la wagonjwa mara chache hufika ndani ya muda huo. Unabonyeza ili ubongo usife njaa ya hewa wakati mnasubiri. Kurudisha mapigo mara nyingi ni kazi ya kile kifaa cha kushtua moyo.

Nacho kinaogopwa bure. Mara nyingi moyo unaposimama ghafla haujatulia, unatetemeka ovyo. Chukua wapiga ngoma kumi, kila mmoja na mdundo wake. Umeme unawanyamazisha wote kwa mara moja, ili kiongozi wa ngoma aanze upya na wengine wamfuate. Kifaa kinaongea, kinakuambia ubandike wapi, kinapima chenyewe, na kisipoona ule mtetemeko kinakataa kurusha umeme hata ukibonyeza kitufe. Kilichobaki kwako ni kukifungua mapema na kuhakikisha hakuna anayemgusa majeruhi wakati wa umeme. Pasipo mtu wa kubonyeza kifua, kila dakika inayopita kabla ya umeme huo hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Mengine ya kozi nitayapita haraka, si kwa sababu ni madogo bali kwa sababu mkono huyashika upesi. Damu inayotoka kwa wingi: kandamiza jeraha moja kwa moja, usiachie kila dakika kuchungulia. Kitu kilichochomeka mwilini: kiache, kandamiza pembeni yake. Aliyepaliwa na hawezi kukohoa wala kusema: mapigo 5 mgongoni kati ya mabega, kisha kumkumbatia kutoka nyuma, ngumi ikiwa juu kidogo ya kitovu, na kuivuta kuelekea ndani na juu mara 5, ukipokezanisha hizo mbili. Anayepumua vizuri lakini hana fahamu: mlaze ubavu, njia ya hewa ikiwa wazi. Aliyeungua: maji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Watu hutoa mkono majini baada ya dakika mbili kwa sababu maumivu yamepungua, ilhali joto bado linaendelea kula nyama chini ya ngozi.

Neno "mshtuko"

Hapa nisimame kidogo, maana lugha yenyewe inatupotosha. Kwa mazungumzo ya kila siku, mtu aliyepata mshtuko ameogopa au amepokea habari nzito. Mpe kiti, mpe chai ya sukari, atulie. Darasani mshtuko ni jambo lingine kabisa: ni hali ya damu kutofika ya kutosha kwenye viungo, kwa sababu imemwagika nje au ndani ya mwili, au kwa sababu moyo umeshindwa kuisukuma, au mishipa imelegea. Inaua.

Ifananishe na ghorofa ambalo presha ya maji imeshuka. Bomba za juu ndizo hukauka kwanza. Mwili nao, ukiona presha inashuka, huanza kukatia maji vyumba visivyo vya lazima ili wa juu apate: ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, mapigo yanakwenda mbio lakini dhaifu, mtu ana kiu, anahangaika, baadaye anachanganyikiwa. Vitabu husema "anapauka". Kwa mwenye ngozi nyeusi utaangalia ndani ya midomo, fizi na viganja. Huyu hapewi chai. Hapewi chochote mdomoni, kwani huenda akahitaji upasuaji. Analazwa, damu inadhibitiwa, anafunikwa asipate baridi, na simu ya dharura inapigwa mara moja. Nimewahi kumsikia mtu mwenye cheti akisema "huyo ana mshtuko tu" juu ya mtu aliyekuwa ameangukiwa na mzigo tumboni. Ile "tu" ilinitisha.

Kufaulu, na kinachoisha muda

Upimaji wa kozi nzuri hufanyika ukiwa umepiga magoti. Kuna maswali ya kuandika, ndiyo, lakini anayekupitisha ni mkufunzi aliyekutazama ukifanya kitendo kizima toka mwanzo: usalama, fahamu, hewa, kuita, mikono. Huhitaji kuwa na nguvu za ajabu wala kipaji cha sayansi. Unahitaji kuweza kushuka sakafuni na kufanya kazi ya mwili kwa dakika kadhaa. Mwenye magoti mabovu aseme mapema. Si aibu, na kuna majukumu mengine ya dharura yanayomfaa.

Kozi za mtandaoni zinaleta ubishi mkubwa. Msimamo wangu ni huu: nadharia isome popote, hata kitandani, na wakufunzi wengi sasa hugawa kozi namna hiyo. Ila simu haiwezi kukuambia kwamba viwiko vyako vimepinda. Cheti kilichotolewa bila mtu yeyote kuiona mikono yako kinathibitisha kwamba umesoma, basi. Tofautisha pia cheti cha kuhudhuria na cheti cha umahiri. Cha kwanza kinasema ulikuwepo. Cha pili kinasema ulipimwa. Kwenye karatasi tafuta jina kamili la kozi, idadi ya saa, tarehe, mwongozo uliofuatwa, na tarehe ya mwisho. Isipokuwepo tarehe ya mwisho, ulizia.

Kwa nini iwepo? Sababu moja ni kwamba mafundisho hubadilika kadiri utafiti unavyoendelea. Kubwa zaidi ni kwamba ujuzi wa kubonyeza kifua hushuka ndani ya miezi michache usipougusa. Siku ile kwenye korido cheti changu kilikuwa na miezi 14. Kilikuwa halali kabisa. Mikono ndiyo iliyokuwa imeisha muda. Ndiyo maana wakufunzi hushauri marudio mafupi kila mwaka hata kama cheti bado kina uhai, na mimi ningeongeza nusu saa kila baada ya miezi mitatu minne, sakafuni, na wenzako wa zamu moja.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

"Ukimvunja mbavu utashtakiwa." Mbavu huvunjika wakati mwingine, hata mikononi mwa wataalamu, na mtu ambaye moyo wake umesimama hana cha kupoteza kwa ubavu uliovunjika. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na nchi nyingi zina kinga kwa anayesaidia kwa nia njema. Ulinzi wako wa kawaida ni kufanya ulichofundishwa na kuishia hapo, na kumwomba ruhusa mwenye fahamu: "Nimefundishwa huduma ya kwanza, nikusaidie?" Akikataa, usimlazimishe; kaa karibu na uite msaada. Asiye na fahamu huchukuliwa kuwa angekubali.

"Mwenye kifafa mtie kijiko mdomoni asimeze ulimi." Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na kidole chako kinaweza kwenda nacho. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimkandamize, tazama saa. Degedege likipita dakika 5, au ni la kwanza maishani mwake, ita gari la wagonjwa.

"Anayetoka damu puani ainue kichwa." Akiinua, damu inaingia kooni. Ainamie mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Na dawa ya meno juu ya jeraha la moto? Inafaa kwa meno.

Kuna pia wanaodhani mtoa huduma ya kwanza ni mgawa vidonge. Wenzake humjia na kichwa, tumbo, mafua, naye kwa kuona haya anafungua droo. Kwa kawaida sanduku la huduma ya kwanza kazini halina dawa za kumeza, na si bahili aliyeamua hivyo: hujui mtu ana mzio wa nini au anatumia dawa gani nyingine. Kumsaidia mtu atumie dawa yake mwenyewe aliyoandikiwa, kama ya pumu, ni jambo jingine, na hilo hufundishwa.

Na msalaba ule. Alama sahihi ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe kwenye kijani. Msalaba mwekundu kwenye nyeupe unalindwa na Mikataba ya Geneva, kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na shirika lenye jina hilo, ili vitani usipoteze maana. Masanduku mengi yanauvaa bila ruhusa. Si kosa la mnunuzi, lakini ukiagiza jipya agiza la kijani.

Nani apelekwe kozi? Kila nikiulizwa hujibu: asiwe bosi. Bosi yuko kwenye vikao, safarini, au anaogopwa. Tafuta mtu anayeweza kuacha kazi yake mara moja bila mashine kuharibika, asiyepayuka siri za wenzake, anayekuwepo zamu nyingi. Na wawe zaidi ya mmoja, kwa sababu mtoa huduma ya kwanza naye hupata ajali, na huenda likizo.

Kazi yake ina mwisho. Gari la wagonjwa likifika, wahudumu hawataki hotuba. Wanataka saa ngapi alianguka, ulimkuta vipi, umefanya nini, na nini kimebadilika tangu hapo. Mtu aliyeandika saa kwa kalamu mgongoni mwa mkono wake huwasaidia kuliko anayekisia. Kisha anavua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, ananawa, anajaza daftari la ajali kabla kumbukumbu haijapoa. Mikono huanza kutetemeka wakati huo, si kabla, na ni vizuri mtu akae naye kidogo. Halafu, kabla ya kwenda nyumbani, kuna bendeji mbili na pedi moja za kurudisha kwenye sanduku, na jina la aliyeacha kazi la kufuta ukutani.